Shemeji kaleta tarantula, na kila usiku anamchezea mkononi mbele ya wanangu

SWALI

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, tunakaa Michenzani, ghorofa ya nne. Tunaishi na mama mkwe pamoja na mdogo wake mume wangu, kijana wa miaka 22 anayetengeneza simu Darajani. Ni kijana mzuri, hana makuu, umeme na maji anachangia bila kuombwa, na wanangu wanampenda pengine kuliko baba yao. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na alichokileta.

Rafiki yake alikuja kutoka Tanga na kopo la siagi ya karanga, ndani mna buibui. Usifikirie hawa wetu wa pembe za dari, Shangazi. Huyu akitandaza miguu anajaa kiganja, rangi ya chungwa mwili mzima, na ana manyoya. Shemeji anasema ndiye tarantula, katoka milima ya Usambara, na Wazungu wanamfuga majumbani kwao. Kampa jina, Malkia. Kopo linakaa juu ya kabati la vyombo, mfuniko umetobolewa kwa msumari wa moto.

Angekuwa anaangaliwa tu nisingesema neno. Lakini kila baada ya sala ya isha anatolewa, anawekwa kiganjani, mwenzake anarekodi, video inakwenda TikTok. Shemeji anasema kaona watu wa Marekani wanawaweka mpaka usoni, kwamba ni wapole, na huyu akishikwa kila siku atamzoea. Ijumaa iliyopita alipofungua kopo yule buibui aliinua miguu ya mbele juu na kutoa sauti ya kukwaruza. Shemeji akacheka, akampuliza ili ashuke. Sikuona alivyopanda. Nilichoona ni kwamba keshafika begani, shemeji anaruka, buibui yuko sakafuni, na watoto wako juu ya kochi wanapiga mayowe. Tulimpata usiku wa manane nyuma ya friji. Alhamdulillah hakung'atwa mtu.

Tangu siku hiyo hataki mende anaopewa, na shemeji anamchokoa kwa njiti ya kiberiti kuona kama yu hai. Binti yangu wa miaka minne mikono inamwasha, nadhani ni manyoya ya mdudu huyo. Mume wangu anataka ammwagie maji ya moto yaishe. Mama mkwe kasema buibui hauawi nyumbani akiwa yeye yu hai, kwa ajili ya kisa cha pango la Thawr. Na shemeji anasema akipata pesa atanunua mwingine wa Kimarekani, mkubwa zaidi, eti wale hawadhuru kabisa.

Je, anaua huyu? Na niseme nini nisije nikaonekana mke mkorofi niliyemtoa mdogo wa mume wangu nyumbani kwa sababu ya mdudu?

Mama wawili, Michenzani

JIBU

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nianze na hilo linalokukosesha usingizi. Haui. Aina za tarantula duniani zinapita elfu moja, na hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kuwa kimesababishwa na sumu yao. Basi punguza hofu, lakini usiimalize yote, kwa sababu kuna maumivu mengi sana ambayo hayafiki kwenye kifo, na huyo wa kwenu ni katika wanaojua kuyatoa.

Kwa sifa ulizozitaja, rangi ya chungwa, Usambara, mbio na miguu juu, huyo karibu kwa hakika ni Pterinochilus murinus. Wataalamu wamemwandika tangu 1897, na leo wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamjua sana. Wanamjua kwa mambo mawili: utando wake mzuri na hasira zake. Wengi wao wenye uzoefu hawamshiki kabisa, na anayeanza kufuga huambiwa asianze na huyu. Hilo shemeji yako hakuliona kwenye video, na nitakueleza kwa nini.

Tarantula wa Amerika na tarantula wa huku kwetu wana tabia tofauti. Wengi wa wale wa Amerika wana vinyweleo vya kuwasha mgongoni mwa tumbo. Wakikerwa huvipangusa kwa miguu ya nyuma vikamrukia adui, kwa hiyo wengi wao hawana haraka ya kung'ata. Wa Afrika na wa Asia hawakupewa vinyweleo hivyo. Wamepewa mbio, meno, na sumu iliyo kali zaidi. Video alizojifunzia shemeji yako ni za wanyama wa upande wa pili wa bahari, naye anazifanyia kazi kwa mnyama wa Usambara. Hapo ndipo ilipo hatari yote.

Na hili la kumzoea mtu, aliondoe kichwani. Tarantula ana macho manane lakini haoni la maana. Dunia yake anaijua kwa mtikisiko na upepo anaouhisi kwa nywele za miguuni. Hamjui mfugaji wake, hana mahali pa kumweka. Kiganja kwake ni ardhi yenye joto inayotikisika. Pumzi ya mtu ni kiumbe kikubwa kilichomkaribia. Kwa hiyo shemeji alipompuliza ili ashuke, alimwambia kimbia, naye akakimbia. Zile siku nyingine alizokaa kimya mkononi si kwamba aliridhika. Buibui aliyeganda na buibui anayejiandaa kung'ata, kwa macho yetu mimi na wewe, ni yuleyule.

Ile miguu juu nayo ina maana yake. Meno ya tarantula hayakutani ubavu kwa ubavu. Yanashuka kutoka juu kwenda chini, sambamba. Ili ang'ate vizuri lazima kwanza ainue kifua. Kwa hiyo alipoinuka na kukwaruza, lilikuwa onyo, na pia alikuwa keshajiweka mkao wa kupiga. Shemeji yako alicheka mbele ya silaha iliyokwisha kuvutwa.

Aking'ata, maumivu huja papo hapo na ni makali, mahali hapo pakavimba na kuwa pekundu. Kinachowashtua watu ni kinachokuja baadaye. Saa kadhaa zikipita misuli inaweza kuanza kukaza, si ya mkono tu, hata ya miguu na mgongo. Inaachia, inakaza tena, na kwa baadhi ya watu hurudiarudia kwa siku kadhaa. Fundi simu ambaye vidole vinamkaza hashiki bisibisi. Mwambie hilo, pengine ndilo litakalomwingia. Kwa mtoto wa miaka minne sumu ni ileile lakini mwili ni mdogo, na mimi nisingependa kujua matokeo yake kwa kujaribu.

Likitokea la kutokea, osheni jeraha kwa maji na sabuni. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Wekeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na panadoli kwa kipimo cha umri. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba, na lile jiwe jeusi la nyoka liacheni kabatini. Dawa maalumu ya kuondoa sumu ya huyu haipo. Hospitali wanatuliza maumivu na mkazo wa misuli na kuangalia kama sindano ya pepopunda inahitajika. Mtoto akiguswa, nendeni naye Mnazi Mmoja usiku huohuo. Mtu mzima aende misuli ikianza kukaza, na akimbizwe akivimba uso, akitapika, au pumzi ikimbana. Mwende na picha ya buibui kwenye simu, si buibui mwenyewe. Wapo watu hubeba!

Sasa mama mkwe wako. Wewe umemwandika kama sehemu ya tatizo, mimi naona ndiye mshirika wako mkubwa. Kisa cha pango la Thawr na utando uliowapoteza makureshi tumekua nacho sote tangu chuoni, na heshima yake kwa buibui usiibishie hata kidogo. Mwambie tu jambo moja ambalo pengine hakulijua: anayekaribia kumuua buibui huyo ni mwanawe mdogo, si mumeo na birika lake. Tumbo la tarantula ni ngozi nyembamba iliyojaa maji ya mwili. Akianguka kutoka begani kwa mtu aliyesimama, juu ya sakafu ya saruji, tumbo linaweza kupasuka, na likipasuka hakuna wa kulishona. Ijumaa ile Malkia aliponea tundu la sindano. Mama akilisikia hilo, akamwita mwanawe akamwambia "usimshike tena", neno lake litakuwa na uzito ambao langu na lako hayatakuwa nao, na wewe hutakuwa umemfukuza mtu.

Mumeo naye aliweke chini birika. Na yeyote asije na wazo la kumpulizia dawa ya mende humo ndani. Mtavuta nyinyi na watoto kabla ya buibui kufa.

Kuhusu kutokula, huenda si ugonjwa. Tarantula akikaribia kujivua ganda huacha kula, mara nyingine kwa wiki nyingi, na hapo ndipo asipotakiwa kuguswa hata kwa unyoya, seuze njiti ya kiberiti. Mtoeni mende aliyemo, maji yabaki. Siku ya kujivua atalala chali, miguu juu, na yeyote atakayemwona atasema kafa. Hajafa. Waambie watoto mapema, maana mtoto akiona hivyo atataka kumgeuza, na kumgeuza wakati huo kunaweza kumlemaza au kumuua. Akishatoka, mwili ni laini na meno ni meupe. Mende mmoja aliyesahauliwa koponi anaweza kumtafuna yeye. Asilishwe mpaka meno yawe meusi, wiki moja au mbili. Halafu hao mende wenyewe mnawatoa wapi? Kama ni wa jikoni kwenye jengo ambalo kila nyumba inapuliza dawa, mnamlisha sumu. Panzi wa shamba ni bora.

Lile kopo la siagi ya karanga halifai kwa lolote. Atafute chombo cha plastiki angavu chenye mfuniko wa kubana pande zote, matundu yawe madogo kuliko kifua cha buibui, kisiwe kirefu kwenda juu ili akipanda na kuanguka asiumie. Ndani aweke vumbi la usumba. Wafugaji wa Ulaya wananunua vumbi hilohilo kwa vipande vilivyokaushwa, na sisi tunalikanyaga. Ila angalie: usumba wa makumbi yaliyofukiwa pwani una chumvi, huo haufai kumwekea, achukue wa makumbi makavu ambayo hayakuonja bahari, au aufue kwa maji baridi mara nyingi. Kipande cha gome cha kujifichia, kizibo cha chupa kwa maji, basi. Joto letu linamtosha, hahitaji taa. Chombo kisikae juu ya kabati kikaanguka. Kiwe chini, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo ushikwe na mumeo.

Siku ya kumhamisha wasimshike. Kopo lote liwekwe ndani ya beseni kubwa, mlango umefungwa na kanga imezibwa chini yake, watoto wako kwa jirani. Anasukumwa polepole kwa brashi ndefu ya rangi aingie kwenye bilauri, kadi ngumu inateleza mdomoni mwa bilauri, kwisha. Siku yoyote mkikuta chombo kitupu, zimeni taa, subirini kidogo, mtafuteni kwa tochi chini kwenye kona zenye giza, na viatu vyote vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Ndani ya usumba huo, akiachwa, huyu wa chungwa atatanda utando mzito kuta zote, vyumba na mapito, jambo ambalo mkononi hawezi kulifanya hata mwaka mzima. Shemeji anataka watazamaji. Arekodi hilo kupitia plastiki. Ni video nzuri zaidi, kwa maoni yangu, kuliko kijana anayejikaza asionekane anaogopa.

Huyo wa Kimarekani anayemtamani, sasa. "Hadhuru kabisa" si kweli. Vile vinyweleo nilivyovitaja vinafanya kazi kama upupu: huvioni, unavihisi. Vikiingia kwenye ngozi ni muwasho wa siku nyingi, vikivutwa puani ni kikohozi na mafua, na mwenye pumu asikae chumba kimoja navyo. Jichoni ndiko kubaya. Vina miba midogo inayovifanya viendelee kuingia ndani, maji hayavitoi, na kuvifikicha ni kuvisukuma. Mwaka 2009 huko Leeds, Uingereza, mtu mmoja aliyekuwa akisafisha chombo cha tarantula wake alirushiwa vinyweleo usoni. Madaktari walikuja kuvikuta vimekwama ndani ya jicho, vidogo mno hata kwa kibano chao, na matibabu ya matone yalichukua muda mrefu. Mtu huyo hakuwa akimchezea mnyama. Alikuwa anafuta kioo. Kwa hiyo anayewafuga hao huvaa miwani na glavu hata kwa usafi, na hanyanyui mkono kujifuta jicho mpaka ameosha.

Kwa hapo hapo nikujibu habari ya binti. Huyo wa Usambara hana vinyweleo vya aina hiyo, kwa hiyo muwasho wa mikono ya mtoto una chanzo kingine. Angalia baina ya vidole na kwenye viwiko. Kama anawashwa zaidi usiku na wengine nyumbani wameanza kujikuna, huenda ni upele, na upele hutibiwa nyumba nzima siku moja pamoja na kufua mashuka. Mpeleke kituo cha afya waangalie.

Mwisho wa yote, kama baraza la nyumba litaamua Malkia aondoke, msiende kumwachia Jozani wala kwenye kichaka chochote cha Unguja. Kunguru hawa wanaotunyang'anya samaki mkononi waliletwa miaka ya 1890 ili wale takataka, na hadi leo tunahangaika nao. Arudishwe Tanga na rafiki yuleyule, mahali palepale alipochukuliwa. Kabla ya safari shemeji aulize Idara ya Misitu kuhusu kibali, maana kuchukua na kusafirisha viumbe wa mwitu kuna sheria zake bara na visiwani, na yeye mara ya kwanza hakuuliza. Na asisafirishwe sasa. Kama kweli anajiandaa kujivua, mtikiso wa boti utammaliza. Asubiri ajivue, meno yawe meusi, ale mara moja au mbili, ndipo apande chombo.